Treni ya mizigo ya zamani utajuaje ilipita saa ngapi?

Ukitaka kujua treni ya abiria ya Mombasa kwenda Nairobi miaka ya sitini ilitoka saa ngapi, mbona rahisi, ilibandikwa stesheni, ilikuwa kwenye vijitabu, na kila mzee aliyewahi kuipanda anakukumbukia mpaka supu na shuka nyeupe. Sasa muulize huyo huyo mzee treni ya mizigo ilipita Voi saa ngapi, ina mabehewa mangapi, imebeba nini. Atakuangalia tu. Mizigo haikati tiketi, kwa hivyo hakuna aliyeona haja ya kuitangazia saa, na ukitaka kujua leo inabidi ukwangue kwangue huku na huku mpaka upate picha.

Mi mtoto wa Voi, na babu yangu alikuwa gadi wa treni za mizigo enzi za East African Railways, kwa hivyo huu ugonjwa nimeurithi, sikuutafuta. Watu wakisikia Tsavo wanarukia wale simba wa 1898 waliokula wajenzi wa reli, haya, hadithi tamu sijakataa, lakini hiyo reli imebeba mzigo zaidi ya miaka mia baada ya wale simba kupigwa risasi na hakuna hata mmoja anayeuliza kwenye mabehewa kulikuwa na nini. Ndo nimeona niandike vile mi huwa natafuta, labda kuna mwenzangu mahali anahangaika peke yake akidhani amechizi.

Kwanza ujue laini yenyewe. Naongelea ile reli ya zamani, ya upana wa mita moja, iliyoanza kujengwa Mombasa 1896, ikafika Nairobi mwezi wa tano 1899 na Kisumu mwisho wa 1901. Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 530, unaanza usawa wa bahari unamaliza ukiwa zaidi ya mita 1,600 juu. Na ni njia moja. Hapo ndo kila kitu kinapoanzia, manake kwenye njia moja treni mbili haziwezi kupishana popote pale zinapotaka, lazima moja iingie kwenye lupu ya stesheni, yani njia ya pembeni ya kupishania, isimame, ingojee mwenzake apite, ipewe kibali, itoke. Mazeras, Mariakani, Samburu, Mackinnon Road, Maungu, Voi, Tsavo, Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud, Konza, hayo majina wengi wanayajua kama stendi za matatu na vituo vya malori, kwa gadi yalikuwa ni mahali pa kungoja.

Mtu akianza hii kazi anakimbilia taimtebo, na anakwama hapo hapo, kwa sababu anashika ile ya abiria. Unayotaka ni ile nyingine, taimtebo ya kazi, iliyokuwa ya dereva, gadi, stesheni masta na kontrola (yule anayeongoza mwendo wa treni zote za laini) peke yao, haikuwa ya kuuzwa dukani. Ndani kila stesheni ina mstari wake, kila treni ina namba na safu yake, saa ya kufika, saa ya kutoka, na penye kupishana wamekuandikia unapishana na namba ngapi. Halafu kuna kurasa ambazo watu huziruka na ndizo tamu kuliko zote: lupu ya kila stesheni inameza mabehewa mangapi, mwisho wa mwendo kwa kila kipande, na jedwali la tani ambazo kila aina ya injini inaruhusiwa kuvuta kutoka hapa mpaka pale. Ukipata kitabu hata kimechanika jalada, kama hizo kurasa zipo, chukua.

Lakini usije ukakiamini kama Msahafu. Treni ya mizigo kuwa kwenye taimtebo haina maana kwamba ilitembea. Nyingi zilikuwa za "ikihitajika", yani nafasi imetengwa, saa zimepangwa, ila kama meli haijaingia Kilindini au mzigo haujajaa, treni haitoki na hakuna wa kulalamika. Na kinyume chake pia, bandari ikifurika wanatoa spesho ambayo haimo kitabuni kabisa. Kwa hivyo taimtebo inakwambia nini kingewezekana siku hiyo, basi. Kilichotokea kweli kiko kwenye karatasi nyingine: rejista ya treni ya stesheni, ripoti ya safari ya gadi, na chati ya kontrola. Na hizo ndizo zilizofungiwa maandazi.

Chati ndiyo kitu ninachopenda zaidi kwa hivyo niachieni kidogo niseme. Chukua karatasi ya miraba (mi natumia Excel sahii lakini nilianzia karatasi), chini unaweka masaa 24, pembeni unaweka stesheni kuanzia Mombasa mpaka Nairobi, na nafasi kati ya stesheni na stesheni iwe kwa kipimo cha umbali wa kweli. Kila treni inakuwa mstari wa mshazari. Ikipanda bara mstari unapanda, ikishuka pwani unashuka, ikisimama lupuni mstari unalala. Anza na abiria kwa kalamu nyekundu. Zilitoka pande zote mbili jioni na kufika asubuhi, kwa hivyo usiku wa manane katikati ya laini, maeneo ya Mtito Andei, mistari yao inakatana, na hapo utaona mizigo yote iliyokuwa karibu imelala chali kwenye malupu kama mbuzi kivulini. Ukishachora hivyo ghafla unaelewa kwa nini treni fulani inatoka Changamwe, pale Mombasa, saa ya ajabu ajabu. Haikupangwa na mtu anayependa kuamka usiku, imepangwa iponyoke kabla ya abiria kuikuta njiani.

Chati inakuonyesha na kitu kingine ambacho taimtebo inaficha, kwamba laini nzima inatawaliwa na kipande kimoja kibaya. Tuseme kati ya stesheni mbili treni ya kupanda yenye mzigo inachukua dakika 25, ya kushuka 18, na kila mara kubadilishana kibali na kugeuza pointi (zile reli za kuhamishia treni njia) unapoteza dakika 5. Jozi moja ya treni, moja juu moja chini, imekula dakika 53. Siku ina dakika 1,440, gawanya, unapata jozi 27, na hiyo ni karatasini tu, kama hakuna injini iliyokosa mvuke, hakuna ng'ombe relini, hakuna stesheni masta aliyesinzia. Hata kama vipande vingine vyote ni vyepesi kama Kapiti Plains, hautapitisha treni ya 28. Kwa hivyo nikipata kitabu kipya kazi yangu ya kwanza ni kutafuta hicho kipande, ndo kinanifundisha mengine.

Na ukitaka kupitisha mzigo zaidi kwenye laini iliyojaa bila kuweka njia ya pili unafanyaje? Unaongeza uzito wa kila treni. Hapo ndo inakuja ile klasi 59, injini za Garratt, 34 zilizotengenezwa na Beyer, Peacock kule Manchester na kuletwa 1955 na 1956, tani 252 kila moja, injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote zilizowahi kutembea kwenye reli ya mita moja duniani. Sio Afrika, duniani. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na mbili zipo mpaka leo makumbusho ya reli Nairobi, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, zote majina ya milima ya Tanzania. Nenda usimame karibu na gurudumu ndo utajua mi sisemi uongo.

Mashabiki wengi wanaishia hapo kwenye ukubwa na picha ya moshi. Mi nauliza ratiba ilibadilika vipi. 59 ilivuta tani 1,200 kwenye mwinuko wa asilimia 1.5, yani unapanda mita moja kwa kila mita 66 unazokwenda. Sasa piga hesabu ya mfano: una tani 8,400 za kupeleka bara. Kwa injini ya kuvuta tani 700 unahitaji treni 12. Kwa ya tani 1,200 unahitaji 7. Umeokoa treni tano, na kila treni uliyoiondoa inaondoka na kupishana kwake kote, na kusimama kote, na mafuta ya kuanza kuondoa mzigo kutoka sifuri katikati ya nyika ya Taru. Baada ya vita kuu ya pili bandari ya Mombasa ilikuwa imejaa mizigo inayongoja mabehewa, kwa hivyo hizo 59 hazikununuliwa kwa mbwembwe. Ila treni nzito ni treni ndefu, na treni ndefu inataka lupu ndefu, ndo unarudi kwa zile kurasa nilizosema watu wanaziruka.

Namba za injini zinasaidia pia kujua tarehe. East African Railways walikuwa na mtindo mzuri sana, tarakimu mbili za mbele ni klasi, mbili za nyuma ni namba yake ndani ya klasi, kwa hivyo 5918 ni ya 18 kwenye klasi ya 59. Babu aliacha daftari dogo la mkononi, kurasa nyingi hazina mwaka, ana siku na mwezi tu, si unajua wazee, mwaka alijua yeye mwenyewe. Lakini ameandika namba ya injini kila safari. Ukurasa wenye 59 hauwezi kuwa kabla ya 1955. Zile dizeli kubwa za English Electric zilianza kuingia 1960, kwa hivyo ukurasa ambao anachanganya mvuke na dizeli wiki moja unajua ni kuanzia hapo. Kuna sehemu ameandika hivi tu: "Mtito. Lupu. Dk 40. Abiria." Maneno manne na namba moja. Nimeweka kwenye chati yangu, dakika 40 inaingia pale pale mstari mwekundu unapopita, nikapiga kelele nyumbani mpaka mama akauliza kuna nini, nikamwambia babu alikuwa Mtito Andei usiku, akaniangalia kama vile anavyoniangaliaga.

Kitu kingine cha daftari, safari zake hazikuwa za siku moja. Mizigo ilichukua muda mrefu, kwa hivyo kwenye safari ndefu walitumia mtindo wa kabusi, behewa la kulala linalofungwa nyuma ya injini, kikosi kimoja kinaendesha, kingine kimelala, halafu wanabadilishana. Ndo maana kwenye picha za zamani ukiona behewa la ajabu lenye madirisha limekaa mbele ya mabehewa ya mizigo, usidhani ni abiria wamechanganywa na saruji. Ni wenyewe, wanalala au wanapika. Injini nyingi za 59 zilikuwa na vikosi vyake maalum, kuna madereva Makalasinga ambao kabini zao ziling'arishwa shaba mpaka ukajiangalia uso, na hicho kitu mzee yeyote wa Changamwe atakusimulia bila hata kuulizwa.

Picha sasa. Picha bila tarehe na saa watu huziweka tu kwa urembo, mi nazisoma kama ratiba. Reli kutoka Voi kwenda Nairobi kwa jumla inaelekea kaskazini magharibi. Huku kwetu tuko karibu na ikweta lakini kusini kidogo, kwa hivyo mwezi wa sita jua liko upande wa kaskazini na mwezi wa kumi na mbili liko kusini. Tafsiri yake ni kwamba mwezi wa sita asubuhi, treni inayopanda Nairobi kivuli chake kinaangukia kushoto kwa dereva, jioni kinaanguka nyuma yake. Desemba inageuka, asubuhi kivuli kinatangulia mbele na jioni kinakwenda kulia. Kona zinachezea hiyo hesabu, kwa hivyo kwanza jua ni wapi, na hapo bahati iko upande wetu kwa sababu vibao vya stesheni viliandikwa jina na mwinuko kwa futi, hata kama jina limefichwa na moshi futi zinaweza kukutoa. Halafu unaangalia urefu wa kivuli, unapata saa kwa kukisia, unarudi kwenye chati, unatafuta ni treni gani ya mizigo ingekuwa hapo saa hiyo. Mara nyingi zinabaki mbili au tatu. Mara nyingine inabaki moja, na siku hiyo hata chakula kinakuwa kitamu.

Tukiwa kwenye saa, angalieni sana. Taimtebo ni saa za kizungu za masaa 24, wazee wanakupa saa za Kiswahili, na daftari linachanganya zote mbili kulingana na alivyoamka. Hiyo unazoea. Isiyozoeleka ni kwamba saa rasmi za Kenya zenyewe hazikuwa hizi siku zote, mwaka 1941 kwa mfano tulikuwa mbele ya Greenwich kwa masaa mawili na dakika 45, sio matatu. Robo saa inatosha kuharibu hesabu ya kivuli na ukamsingizia dereva kachelewa.

Kuhusu mzigo wenyewe, ripoti za mwaka za shirika zinakupa jumla, tani za hiki na kile, na ukijua historia ya viwanda unajua kipi kilikuwa wapi. Pamba na kahawa ya Uganda zilishuka. Magadi soda ilitoka Magadi, ikaungana na laini kuu pale Konza, ikaenda pwani. Reli ilipofika Kasese 1956 shaba ya Kilembe nayo ikapata njia. Mafuta yalipanda, na hii ya mafuta ni muhimu kwa ratiba, kwa sababu kiwanda cha kusafisha mafuta Changamwe kilifunguliwa 1963 na bomba la Mombasa Nairobi likaanza 1978. Baada ya bomba, treni za matangi za Nairobi hazikuwa na haja ile ya zamani. Kwa hivyo taimtebo ya 1970 na ya 1980 usizisome kana kwamba ni laini ile ile na rangi mpya. Halafu 1984 ikafunguliwa bandari kavu ya makontena Embakasi na treni zake maalum, hapo tena mchezo umebadilika.

Wazee ni lazima uwaendee, karatasi peke yake haitoshi. Ila usimwendee mzee na swali la "treni namba fulani ilipita saa ngapi", utamkera. Shikamoo kwanza, chai, halafu muulize alilala wapi, alikula wapi, alikuwa anamwogopa kontrola gani. Mzee mmoja aliyekuwa fayaman, msimamizi wa moto wa injini, aliniambia walijua wamefika Mackinnon Road hata usiku wa giza kwa sababu lazima mpige honi kwa heshima ya Sayyid Baghali, kaburi lake liko hapo kando ya reli msikitini, na baada ya hapo dereva alimruhusu kuwasha sigara ya kwanza. Akaendelea, mpaka Maungu sigara imeisha na wanaanza kuangalia kama taa ya Voi itawakubali. Bila kumuuliza saa hata moja nimepata mpangilio mzima wa kipande hicho, nimeenda kuuweka kwenye chati umekaa vizuri kuliko nilivyotarajia.

Nyaraka Nairobi zipo kiasi chake, Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue kwenye lile jengo la zamani la benki, na makumbusho ya reli karibu na stesheni. Uingereza vilevile wana sehemu yao, michoro ya Beyer, Peacock iko Manchester. Lakini nyingi zimepotea kizembe. Kuna ofisi moja, siitaji, nilienda nikiwa na barua na kila kitu, mtu mmoja mzuri sana akaniambia rejista zilikuwa pale kwenye pembe mpaka juzi juzi, zikachomwa kupisha nafasi ya viti vya plastiki. Viti vyenyewe viliwekwa pale pale, nilikalia kimoja nikisubiri kuambiwa hayo. Nimewahi pia kununua njugu Voi zikiwa zimefungwa kwa fomu ya mabehewa, nikarudi kwa yule mama nikanunua karatasi zote bila njugu, akacheka siku nzima.

Sahii ninachohangaika nacho ni tawi la Voi kwenda Taveta mpaka Moshi, lile lililojengwa wakati wa vita kuu ya kwanza. Sehemu ya kahawa ya Kilimanjaro ilipitia huku kwetu kwenda Mombasa, kwa hivyo Voi haikuwa kituo cha kupita tu, mabehewa yalikatwa na kuunganishwa usiku. Halafu 1963 wenzetu wa Tanganyika wakafungua laini ya kuunganisha Mnyusi na Ruvu, mzigo wa Moshi na Tanga ukaweza kufika Dar kwa reli bila kupita Kenya. Kisha 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na ukakaa umefungwa mpaka 1983. Ninayo taimtebo ya kabla, kurasa chache za tawi hilo, zenye treni za kuchanganya abiria na mizigo. Ya baada sina. Nataka kujua kama mwaka 1978 kuna treni yoyote iliyokuwa bado inatoka Voi kwenda Taveta na mabehewa mangapi, au kama waliiacha kwenye kitabu kama "ikihitajika" na haikuhitajika tena. Kama babu yako alifanya kazi Voi, Bura, Maktau au Taveta miaka hiyo na ana daftari, usilifue kwenye mfuko wa shati na usiwape watoto wachore. Piga picha kila ukurasa, hata yenye hesabu za deni la duka, manake babu yangu mimi ratiba ya Jumanne moja nzima aliiandika nyuma ya deni la sukari.